Simu ilizama, nikasoma riwaya nane kwa mwezi: jibu langu kwa aliyeuliza aanze na ipi

Ndugu yetu aliyeuliza naona watu wamemfanya kichekesho lakini swali lake la maana. Anasema tangu amalize shule hajamaliza riwaya hata moja, sasa anataka kurudi, hajui aanze na za upelelezi, za mapenzi, za historia au zile nzito za kuumiza kichwa, na anaogopa akizichanganya ndani ya mwezi mmoja atapoteana. Mi hilo jambo nimelifanya mwezi uliopita, tena si kwa kupenda, kwahiyo nisikilize kidogo. Ni ndefu, mwenye haraka zake apite.

Nipo Tanga, Ngamiani, nina kiduka cha spea za baiskeli. Jumapili moja nimewapeleka watoto Raskazone kuoga, nimeinama kumvua mdogo viatu, simu ikachomoka mfuko wa shati, chubwi. Maji yenyewe ya magotini lakini ni ya chumvi, na simu na maji ya chumvi mnajua wenyewe. Fundi akaifungua, akaniangalia kama daktari anayetafuta maneno, akasema kioo kimekwenda na kuna kitu kwenye bodi, niachie, njoo kesho. Hiyo kesho yake ilikuja kuwa siku 32. Nikabaki na kitochi cha kupigia tu. Usiku wa kwanza nimelala chali, kidole gumba kinapanda na kushuka hewani peke yake, mama watoto alicheka mpaka akaamka akakaa.

Sasa binti wa dada yangu alipomaliza fomu siksi aliacha kwangu boksi la vitabu, lilikuwa juu ya kabati na masufuria yamewekwa juu yake. Nikalishusha.

Nikiri kwanza, mi sikuwa msomaji. Shuleni tulikuwa na Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, na siwezi kusema tulivisoma, tulisoma notisi za mwalimu kuhusu hivyo vitabu. Dhamira, migogoro, wahusika, tamathali za semi, alafu mtihani unakuja jadili kwa kutoa hoja tatu kutoka kila kitabu. Nakala zilikuwa nne darasa zima na moja haina jalada. Nikapata C yangu ya Kiswahili bila kumaliza kitabu hata kimoja, na nikatoka pale naamini kwamba riwaya ni kitu cha kuchambuliwa kama dagaa, si cha kusomwa.

Kwenye boksi kitabu cha kwanza kushika kilikuwa Kusadikika. Nikasema hewala, Shaaban Robert ni wetu, kazaliwa Vibambani kule Machui mwaka 1909, sisi watu wa Tanga tunamringia kila siku na wengi hatujamsoma. Kijitabu chenyewe chembamba. Nikakipeleka dukani nikakiweka kaunta pembeni ya kopo la gololi nikajua kesho nimemaliza.

Siku tatu nilikuwa ukurasa wa tisa. Manake yule mzee sentensi yake ni kama treni ya mzigo, ikianza kupita lazima usimame mpaka behewa la mwisho, na mi nikifika behewa la katikati anakuja mtu, "tyubu ya 28 ipo?" Namuuzia, narudi, sijui treni ilianzia wapi. Naanza tena. Anakuja mwingine anataka solusheni na kiraka. Naanza tena. Siku ya tatu jioni nikakirudisha kwenye boksi nikasema basi, mi kweli si msomaji, ile C ilikuwa haki yangu.

Nikachukua kingine kwa hasira tu. Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha 1974, yule jasusi wake Willy Gamba. Wallahi siku mbili tu. Hapohapo kaunta, na wateja walewale. Kwasababu sentensi ni fupi, kuna mtu anakimbia, kuna mtu anamfukuza, mteja akija ukimhudumia ukirudi unawakuta bado wanakimbizana, hakuna kilichoharibika. Na unajua steringi hafi, kwahiyo roho inakwenda mbio lakini haina wasiwasi wa kweli. Nina malalamiko na kile kitabu, wanawake mule ndani wanaelezwa kama mtu anayechagua samaki sokoni, na kuna mahali Willy anajisifu mpaka nikamwonea aibu mimi. Lakini ndo kitabu kilichonirudisha kwenye kusoma, siwezi kukitukana.

Hapo ndo nikagundua kitu ambacho nataka ndugu yetu akishike. Mi nilikuwa sijashindwa kitabu, nilikuwa nimeshindwa saa. Kusadikika nilikipa saa ambayo si yake. Watu watakwambia anza na hiki ni kizuri, kile ni cha lazima, huyu ni gwiji, na wote wanasema kweli, ila hakuna anayekuuliza wewe unazo saa za namna gani kwa siku. Mwenye duka ana dakika tano tano. Mlinzi wa usiku ana saa nne mfululizo. Mama mwenye mtoto mchanga ana mkono mmoja tu. Nikaanza kupanga vitabu kwa saa, sikupanga tena kwa sifa.

Saa za kaunta nikawapa wapelelezi. Kuna muuza vitabu vya mtumba anatandika chini karibu na sokoni, kwake nikapata Kisima cha Giningi kwa buku mbili, cha Muhammed Said Abdulla, yule wa Unguja aliyemuumba Bwana Msa. Wanaojua wanajua: kile kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la 1957-58 kikaja kuchapwa 1960, hiki cha Giningi ni cha 1968. Bwana Msa hana bastola wala hapigi mtu ngwala, yeye ana kiko na ana akili na ana rafiki yake Najum ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa kwa niaba yetu. Ukitoka kwa Willy Gamba ukaingia kwa Bwana Msa unaona kama umetoka stendi ya basi ukaingia kibarazani kwa watu wanaonywea kahawa, mambo mazito yanasemwa taratibu na kila mtu anakatizwa. Na Kiswahili chake! Mi nimezaliwa pwani lakini kuna maneno mule nilikwenda kumuuliza mama.

Nimefika mwishoni kabisa, Bwana Msa kakusanya watu anaanza kufungua fundo, nageuza ukurasa, jalada.

Kurasa zimechanika. Sijui ngapi, ila ni zilezile. Nikakaa nimekishika kile kitabu kama mtu aliyepewa chenji pungufu na muuzaji keshaondoka. Nikaenda kwa muuza vitabu, akaniambia "kaka kwa buku mbili ulitaka na mwisho?"

Siku hiyohiyo akaja mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, mi namwita Mzee wa Phoenix kwasababu ya baiskeli yake, ana umri wa kujua mambo na anayajua hata yale asiyoyajua. Akaona kile kitabu, macho yakamtoka. "Hiki nilikisoma kijana, tulikuwa tunaazimana mpaka foleni." Nikamweleza msiba wangu. Akacheka, akavuta kigoda, akaagiza kahawa kwa muuza kahawa kwa hesabu yangu, akanisimulia mwisho wote, nani kafanya, kwanini, na Bwana Msa alijuaje. Dakika arobaini. Nikaridhika kabisa, nikampunguzia bei ya pedeli. Mkumbuke huyu mzee, ntarudi kwake.

Sasa usiku. Usiku ndo palipotokea jambo kubwa na sikulipanga.

Mama yangu anakaa na sisi. Macho yana mtoto wa jicho, anaona watu kama vivuli, starehe yake ni redio. Usiku mmoja umeme umekatika, betri za redio zimekwisha, nimewasha taa ya chaji nipo ukumbini na Utengano cha Said Ahmed Mohamed, cha 1980, na nina tabia ya kusoma midomo inacheza. Mama akasema kutoka kwenye mkeka wake, "unanong'ona na nani?" Nikamwambia nasoma hadithi. "Ya nani?" Ya bwana mmoja tajiri, anaitwa Maksuudi, kawafungia mke na binti yake ndani hawaruhusiwi kutoka. Kimya kidogo. "Soma basi tusikie."

Nikasoma. Kurasa mbili tu mama akasema "huyo namjua." Nikamwambia mama hii ni hadithi ya kutunga. Akasema "namjua, alikuwa anakaa Barabara ya Nane." Nikamwambia mwandishi mwenyewe ni wa visiwani huko. "Basi hata huko ana ndugu zake."

Kuanzia hapo ikawa kila usiku baada ya isha. Mama watoto akaanza kuja na mchele wake wa kuchagua. Jirani akaja usiku mmoja kuomba chumvi, hakuondoka, usiku wa pili akaja na kigoda chake, wa tatu akaja na vitumbua. Mi nasoma, wao wanabishana na wahusika. Yani hawabishani na mimi, wanamgombeza Maksuudi mwenyewe, wanamwambia Maimuna, yule binti yake, usiende huko, jirani anasema mwacheni aende mlimfungia mlitegemea nini. Nilikaa miaka minne sekondari naambiwa nitaje mgogoro wa kijinsia kwenye riwaya, na hapa ugomvi wenyewe ulikuwa unapigwa ukumbini kwangu na mchele unamwagika.

Kuna sehemu Bi Tamima, mke wa Maksuudi, yuko kwenye uchungu na mkunga, Bi Farashuu, anaingia kumzalisha wakati mwenye nyumba alishapiga marufuku watu kuingia. Nikaisoma ile. Nilipomaliza ukurasa mama akasema rudia. Nikarudia. Hakuna aliyebishana safari hii. Alafu mama akasema, kwa sauti ya kawaida tu kama anayeuliza chumvi iko wapi, "wewe ulizaliwa hivohivo. Baba yako alikuwa kasafiri kaacha neno nisitoke. Bibi jirani akaruka ukuta wa uani." Mi nina miaka 41 sikuwahi kuambiwa hilo. Mama watoto akaacha kuchagua mchele. Nikataka kuuliza nikashindwa nianzie wapi, na mama mwenyewe akasema "haya endelea, kakipata kitoto au hakukipata?"

Shida ya kumsomea mama yako riwaya ni kwamba Maimuna akishatoka kwao anaingia kwenye maisha ya pombe na wanaume, na mwandishi hafichi. Mi nikifika pale naruka. Naruka mistari kiustadi kabisa, macho yanatangulia mbele, sauti inaendelea. Mama akasema "umeruka." Sijaruka mama. "Umeruka, sauti yako imekimbia. Mimi nimekuzaa wewe, unaniona sijui watu wanafanya nini?" Jirani akacheka mpaka akashika nguzo. Ikabidi nisome kila neno, masikio yanawaka, kama mtoto anayesomeshwa juzuu mbele ya mwalimu mkali.

Kwahiyo ndugu yetu kama una mtu nyumbani, za mapenzi na za kifamilia usizisome peke yako. Zile zimeandikwa kwa ajili ya watu kubishana.

Kusadikika nilikirudia wiki ya tatu, na nilikipa saa yake. Baada ya swala ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka, barazani, chai ya rangi, barabara haina mtu isipokuwa muuza mikate na kengele ya baiskeli yake. Saa moja, tena safi. Na ile treni ikapita yote, behewa moja moja. Karama kashtakiwa na waziri anaitwa Majivuno, kosa lake eti anataka kufundisha watu elimu ya sheria, wajue kujitetea. Basi anasimama mbele ya mfalme anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini kutafuta mambo ya kuijenga nchi, na kila anayerudi na jambo jema anaishia gerezani. Kila mmoja! Ukifika wa tatu unaanza kucheka kwa uchungu, unajua kabisa kinachomsubiri na yeye masikini anakuja mbio na habari zake njema.

Kilichonikaa ni kwamba kitabu ni cha 1951, na mwandishi alikuwa karani serikalini enzi za mkoloni. Anakula mshahara wa serikali ileile. Huwezi kuandika serikali ya Mwingereza inafunga watu wenye akili, unaandika kuna nchi inaelea hewani, mbali huko, mimi sipo. Majina nayo, Majivuno, Karama, shuleni tuliandika "majina yanasawiri tabia za wahusika" tukapewa alama mbili. Hatukuambiwa kwamba ni utani, kwamba mtu kamuita waziri Majivuno alafu kakaa kimya na uso mkavu. Mara mbili nilicheka peke yangu barazani mpaka muuza mikate akasimamisha baiskeli kuangalia kama nina salama.

Machui si mbali, ndiko alikozikwa. Nilisema Ijumaa ntapanda baiskeli niende nikamsomee Fatiha. Sijaenda bado. Duka.

Kuli cha Adam Shafi, cha 1979, nilikisoma mchana saa za jua kali ambapo hata wateja hawatoki. Ni cha makuli wa bandari ya Unguja, kijana anaitwa Rashidi, mpaka mgomo wa 1948. Kinasomeka vizuri, hakina madoido, kuna mahali kinageuka kidogo kuwa hotuba ya chama cha wafanyakazi na mi hotuba zinanichosha. Ila nina baba mdogo alifanya kazi bandarini hapa Tanga miaka ile meli zinatia nanga nje kule mbali na mzigo unaletwa na matishari. Bega lake moja liko chini kuliko lingine mpaka leo. Nilimsomea kurasa tatu za kazi ya kubeba magunia, hakusema kizuri wala kibaya, akauliza tu "walilipwa kwa siku au kwa tani?" Ndo uhakiki bora niliowahi kusikia.

Peponi kilinipata safarini. Ni kile cha Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel 2021, alikiandika kwa Kiingereza kikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akakitia Kiswahili, kikatolewa na Mkuki na Nyota 2022. Mwalimu mmoja rafiki yangu aliniazima kwa masharti kama ananipa binti yake. Nilikuwa naenda Dar kufuata mzigo Kariakoo, nikakaa kiti cha dirishani. Kuna mtoto anaitwa Yusuf, miaka 12, baba yake anadaiwa, basi anamtoa yeye kwa tajiri Aziz kama rehani. Rehani ya mtoto. Na mtoto mwenyewe hajui kama ni rehani, anadhani anasafiri. Baadaye wanaingia kwenye misafara ya kwenda bara, nguo na vyuma huku, pembe huku, wapagazi na magonjwa na masultani wa njiani.

Nilikiogopa kwasababu ya ile Nobel, nikajua kitakuwa kigumu cha maprofesa. Si kigumu. Ni cha polepole. Hakitaki dakika tano tano, kinataka ukae na usiwe na pa kwenda, na basi la Tanga-Dar ni mahali hasa pa kutokuwa na pa kwenda. Tukapita Muheza watu wanauza machungwa dirishani, tukapita Segera, tukafika Msata basi likakata njia ya Bagamoyo. Nikainua kichwa tunaingia Bagamoyo na mkononi wapagazi wako njiani na mizigo yao. Misafara yenyewe ndo ilikuwa inaanzia pwani hii hii, Bagamoyo, Pangani, mpaka Tanga kwetu. Nikageuka nimwambie jirani yangu wa kiti, alikuwa amelala mdomo wazi. Nikaendelea kusoma.

Kitu kimoja kuhusu tafsiri, kuna watu wanadharau vitabu vya kutafsiriwa wanasema soma cha asili. Hiki mi naona kimerudi nyumbani. Wale watu mule ndani walikuwa wanaongea Kiswahili tangu mwanzo, mwandishi ndo aliwaandikia Kiingereza.

Za sayansi na mambo ya angani kwa Kiswahili ni chache. Nilipata kimoja maktaba ya mkoa, Walenisi cha Katama Mkangi wa Kenya, cha 1995, kuna jamaa anaitwa Dzombo anafika nchi nyingine kabisa huko, na jina la hiyo nchi ukilisoma taratibu ni "wale ni sisi". Nilifurahi kugundua hilo kama mtoto. Baada ya hapo watu wa kule wanafafanua sana jinsi nchi yao ilivyo nzuri, wanafafanua, wanafafanua. Nilikimaliza kwa heshima.

Na sasa kilichonishinda, nisije kuonekana shujaa. Nagona cha Kezilahabi, cha 1990. Ndo chembamba kuliko vyote kwenye boksi, ungeweza kukiweka mfuko wa shati kikazama na simu. Huyu bwana wa Ukerewe ndo yuleyule aliyeandika Rosa Mistika, ambayo mama watoto alishaisoma zamani na anasema inateleza kama uji. Nikajua na hiki kitateleza. Jamani. Nimejaribu kaunta, nimejaribu alfajiri, nimejaribu usiku, nilikipeleka mpaka kwenye lile basi nikirudi. Kuna mtu anatembea, kuna sauti, kuna ngoma inasubiriwa, ukishika mkia kichwa kimetoka. Nilimsomea mama kurasa mbili, akasikiliza kwa adabu, akasema "huyu anaota. Asiamshwe ghafla." Nimekiacha nusu. Sisemi ni kibaya, tena kuna sentensi mule zimenikaa mpaka leo sijui kwanini. Labda saa yake mi sina bado. Kwahiyo ndugu yetu usianze na hicho, na mtu akikwambia anza nacho kwasababu kurasa ni chache, huyo hakupendi.

Kuhusu kupoteana. Kuna siku nilikuwa na vinne kwa pamoja, na sikupoteana hata mara moja, kwasababu kila kimoja kilikuwa na mahali pake pa kukaa. Karama alikuwa barazani, Bwana Msa kaunta, Maimuna ukumbini kwa mama, Rashidi kwenye benchi la nyuma saa nane mchana. Nikikaa benchi la nyuma nanusa bahari ya Unguja. Nilipojaribu kusoma Utengano dukani, nikajikuta nasubiri mtu abishane.

Turudi kwa Mzee wa Phoenix. Nilipokwenda maktaba kuchukua Walenisi nikaona kwenye rafu Kisima cha Giningi, nakala nzima, ina jalada, ina mwisho. Nikasema ngoja nisome zile kurasa kwa macho yangu japo najua zilichosema. Nikasimama palepale kwenye rafu.

Hakuna. Hata kimoja alichosema yule mzee hakimo. Muuaji aliyenitajia si yeye, sababu si ile, na kuna mtu katika simulizi yake ambaye humu kitabuni hayumo kabisa, nadhani alimtoa kwenye kitabu kingine au kwenye ukoo wake. Sitaji mwisho wenyewe hapa, atakayekipata asome. Nikakiazima nikakileta dukani nikamsubiri.

Akaja Jumatatu, taya ya baiskeli yake haishiki. Nikamfungulia ukurasa. Akavaa miwani, akasoma pole pole mpaka mwisho, akarudi nyuma, akasoma tena. Akavua miwani. "Wamebadilisha," akasema. "Toleo letu halikuwa hivi." Nikamwambia mzee, ni kitabu kilekile. "Wamebadilisha," na akataka akichukue nyumbani akakisome chote toka mwanzo, aone ni wapi walipoanza kuharibu.

Simu imerudi juzi, kioo kipya, inashika moto kidogo. Kitabu bado kiko kwa mzee, wiki ya pili hii, kila akipita anasema yuko katikati na keshaona makosa matatu. Na kule maktaba kimeandikwa jina langu.